Kulifunika Dale Bila Kuizika Ghorofa

Mwezi wa sita mwaka 2019, saa kumi na moja alfajiri, mama aliniita chumbani kwake akaninyooshea kidole juu. Tone la maji lilikuwa limening'inia kwenye maungio ya mbao mbili za dari. Lilijaa polepole, likarefuka, likadondoka juu ya blanketi. Tripleksi, yaani plaiwudi, ya pembeni yake ilikuwa imevimba kama shavu la mtu anayeumwa jino.

"Dale linavuja," mama akasema.

Nilitoka nje nikatazama juu: nyota tupu. Mvua ya mwisho tulikuwa tumeiona mwezi wa nne. Vumbi jekundu la Lubumbashi lilikuwa limefunika majani ya mwembe, na baridi ilikuwa inauma masikio. Maji yatoke wapi?

Nyumba yetu iko Kampemba, hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo. Baba alimwaga dale mwaka 2009, na kwa asiyejua mambo ya kwetu lazima nieleze dale ni nini. Ni paa bapa la zege lenye nondo ndani, na ni zaidi ya paa. Mwenye nyumba ya manjanja, yaani mabati, amemaliza kujenga. Mwenye dale bado anajenga. Juu ya dale letu yametokeza mafungu tisa ya vyuma, vinne vinne, virefu kama mguu wa mtu mzima, vinavyosubiri nguzo za ghorofa. Baba alifanya kazi ya umeme migodini miaka mingi, na kila alipopokea kitu kizuri alisema, "Hii ni ya etaji," yaani ya ghorofa. Kuna mlango wa mninga umelala stoo kwetu tangu wakati huo. Ni wa etaji.

Mimi si mhandisi. Nafundisha fizikia shule ya sekondari. Lakini nimelala chini ya dale hilo tangu nikiwa kijana, na watoto wangu wanalala chini yake sasa. Ninachoandika hapa nimekipata kwa kugusa, kwa kupima, na kwa kuwauliza mafundi mpaka wakachoka na mimi.

Shida yetu ya kwanza haikuwa baridi, ilikuwa Oktoba. Lubumbashi iko kati ya nyuzi 11 na 12 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua hupita wima juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Februari. Februari mawingu ya mvua yanatusitiri. Oktoba mvua hazijashika, mbingu ni wazi, na saa sita mchana kivuli cha mtu kinajificha chini ya miguu yake. Saa hiyo kuta karibu hazipigwi na jua. Mzigo wote unabebwa na paa. Jua kali la wima huleta nguvu ya karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, sawa na pasi moja ya umeme. Dale letu ni mita 8 kwa 8. Wanafunzi wangu huwa nawaambia hivi: zihesabuni pasi, zimepangwa 64 juu ya kichwa cha bibi yenu, zote zimewashwa.

Bati nalo huwaka, lakini jua likizama bati hupoa kabla maji ya chai hayajachemka. Zege halina haraka. Unene wa sentimita 15 hunywa joto mchana kutwa, na joto hilo huchukua saa nne au tano hivi kupenya mpaka upande wa chini. Jua la saa nane mchana linafika chumbani saa moja usiku, wakati watoto wanatandikiwa. Ukisimama kitandani na kuinua kiganja karibu na dari bila kuligusa, unahisi uso mzima unakupulizia joto kama tanuri la mkate lililozimwa. Nje upepo ni mzuri, watu wamekaa barza wanapiga soga. Ndani mtoto anageuka geuka, shingo imetoka vipele. Binti yangu wa pili alilala sakafuni Oktoba tatu mfululizo, kwa sababu sakafu ndiyo ilikuwa mbali zaidi na dari.

Mwaka 2014 dale lilianza kuvuja kweli, mvua za Desemba. Tukafanya kile ambacho kila mtu hufanya: tukatandika rufingi, ile karatasi nene ya lami inayobandikwa kwa moto wa gesi. Maji yalikoma. Joto likazidi. Zege tupu la kijivu hunywa zaidi ya nusu ya mwanga wa jua, lakini lami nyeusi hunywa zaidi ya tisa ya kumi. Tulikuwa tumemvisha mtu koti jeusi Oktoba. Mke wangu ndiye aliyesema kwanza: "Tangu mlipoweka kile kitu, usiku umekuwa mrefu." Nilibishana naye wiki nzima. Kisha nikanunua kipimajoto, nikakifunga kwa gundi kwenye dari, saa mbili usiku kikasoma nyuzi 38.

Tulipaka chokaa juu ya rufingi. Ilisaidia, nyuzi mbili tatu, na kwa mtu asiye na fedha ya kufanya jambo jingine bado nasema apake, hata leo. Lakini chokaa haipendi kukaa juu ya lami, na weupe wa Lubumbashi hauna maisha marefu. Kiangazi kimoja tu cha vumbi, paa linakuwa rangi ya tofali.

Ndipo mwaka 2017 nikafanya kosa ambalo nataka kulieleza kwa urefu, kwa sababu naliona kwa majirani kila mwaka. Nilinunua frigoliti, zile mbao nyeupe nyepesi za punje punje zinazokuja zimezunguka televisheni na friji, nikazibandika chini ya dale kwa ndani, nikafunika kwa tripleksi. Kazi nzuri, safi, ya siku nne. Oktoba hiyo joto lilipungua kweli, na nilijisifu mbele za watu.

Nilichokuwa nimefanya ni kulitenga dale na nyumba na kuliacha peke yake mbele ya jua na mbele ya usiku. Mchana liliwaka zaidi ya zamani, maana joto lake halikuwa na pa kushukia. Usiku wa mwezi wa sita, chini ya mbingu isiyo na wingu, lilitoa joto lake lote kuelekea juu na kubaki baridi kama jiwe la mtoni. Chini yake sisi tunapika bukari, yaani ugali, tunachemsha maji ya kuoga, tunapumua watu saba kwenye vyumba vitatu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Mvuke huo unapanda, unapenya kwenye maungio ya tripleksi, unapita kati ya ubao na ubao, unafika kwenye zege baridi na kugeuka maji, kama inavyotoka jasho chupa ya bia iliyotolewa kwenye friji.

Asubuhi ile ya mama nilipanda ngazi nikabandua ubao mmoja. Upande wa nyuma wa frigoliti ulikuwa umeota ukungu mweusi, duara kwa duara. Uso wa dale wote ulikuwa unang'aa kwa maji. Nilipitisha kidole, kikaacha mstari. Dale halikuvuja hata kidogo. Ile ilikuwa pumzi yetu wenyewe.

Hapa niseme jambo la pembeni ambalo si la pembeni kabisa. Kipindi hicho cha baridi kuna watu wanaingiza mbabula, jiko la makaa, ndani usiku ili wapate joto, makaa yakishakuwa mekundu na moshi umeisha. Moshi kuisha si salama. Makaa mekundu yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini. Mbabula ilale nje. Na frigoliti nayo isiachwe wazi ndani ya nyumba, hasa jikoni. Ikishika moto hudondosha matone yanayowaka na moshi mzito mweusi.

Kulikuwa na dalili nyingine niliyoipuuza miaka mingi: ufa mwembamba uliolala kama mstari wa rula kwenye ukuta, tofali moja chini ya dale, kuzunguka pembe mbili za nyumba. Tuliuziba kwa saruji, ukafunguka. Tukauziba tena. Zege hukua kwa joto, karibu milimita moja ya mia kwa kila mita na kila nyuzi moja. Ni kidogo sana mpaka uzidishe. Mita 8, tofauti ya nyuzi 40 kati ya alfajiri ya kiangazi na mchana mkali wa Oktoba, unapata milimita 3 na zaidi. Paa letu lilikuwa linajinyoosha na kujikunja, likisukuma kuta zilizolibeba, na saruji yangu ya kuziba haikuwa na la kufanya mbele ya nguvu hiyo.

Kwa hiyo kinga ya joto lazima ikae juu ya dale, upande wa jua. Dale likiwa ndani ya kinga linabaki na joto la nyumba, halichomwi mchana, haligandi usiku, wala halisukumi kuta. Uzito wake wote unakuwa wetu, ukisaidia kutuliza nyumba. Hilo nililielewa ndani ya siku mbili. Kumweleza baba kulichukua mwaka na nusu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imekaa kwenye magoti. Kisha akauliza, "Na vyuma?"

Nilianza kueleza habari ya lami na mteremko. Akanikatiza. "Nakuuliza vyuma vyangu. Ukifunika, umefunga hesabu. Watu watapita barabarani waseme mzee amemaliza."

Majirani wawili walikuwa wamemshauri aweke manjanja juu ya dale, yamenyanyuliwa kwa mbao ili upepo upite katikati. Ni njia nzuri, na sitaki mtu asome hapa aidharau; kivuli kinachopitisha upepo hukata sehemu kubwa ya joto, mradi yafungwe imara dhidi ya dhoruba za Novemba. Lakini kwa baba lilikuwa tusi. Nyumba ya dale haivai manjanja. Kuyaweka kulikuwa ni kutangaza, kwa sauti ya mvua juu ya bati, kwamba etaji haitakuja.

Nilikasirika wakati ule. Baadaye, usiku mmoja, tulipanda wote wawili juu kwa ngazi ya mbao. Kutoka pale unaona bomba refu la kiwanda cha shaba na ule mlima mweusi wa mabaki yake, alama ya mji wetu. Baba alishika fungu la vyuma la pembeni, akanionyesha dirisha la chumba cha mama lingekaa wapi, ngazi zingepandia wapi, upepo ungeingilia wapi. Alikuwa anatembea ndani ya nyumba. Nilielewa kwamba nikitaka watoto walale lazima nitafute namna ambayo haitamtoa humo.

Namna hiyo ipo, na sikuibuni mimi. Wajenzi huiita paa lililogeuzwa. Kwa kawaida watu huweka kinga ya joto kwanza, kisha wanaifunika kwa kizuia maji. Hapa unageuza: kizuia maji kinalala juu ya dale, na kinga ya joto inalala juu yake, nje, mvuani. Kwa kazi hiyo frigoliti ya punje punje haifai, maana punje zina nafasi kati yao na maji huingia. Inatakiwa polistireni iliyokandamizwa, ngumu, yenye vishimo vilivyofungwa kabisa, ambayo haikubali maji. Kwetu inapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na bei yake inauma. Tuliweka akiba miezi 14. Unene wa sentimita 5 wa ubao huo huzuia joto kama zege la unene wa mita mbili na nusu.

Mbao hizo hazigundishwi. Zinalazwa tu, zimeshikana kingo, zinafunikwa kitambaa cha nyuzi za plastiki kinachopitisha maji, kisha kokoto sentimita 5 ili upepo usizibebe. Nilipofika hapo baba aliinua kichwa.

"Hazigundishwi?"

"Hapana, papa. Siku ya etaji unazoa kokoto, unaokota mbao, unazilaza juu ya dale jipya. Ni zilezile."

Alinyamaza kidogo. "Kokoto ni kilo ngapi?"

Lilikuwa swali la mtu wa kazi, na ndilo swali ambalo kila mtu lazima aulize. Sentimita 5 za kokoto ni kilo 80 hivi kwa kila mita ya mraba. Kwa dale letu ni zaidi ya tani 5. Dale lililomwagwa kwa ajili ya paa tu, lenye vyuma vyembamba, lisipakiwe mzigo huo bila mtu anayejua kupiga hesabu kuliangalia. La baba lilikuwa limepangiwa kubeba vyumba, kuta na watu. Alikuwa bado na daftari lake la 2009, kila chuma kimeandikwa kipenyo na nafasi yake. Mhandisi mmoja kijana, mtoto wa rafiki yake, alilisoma jioni nzima akasema dale litabeba. Sijawahi kumwona baba na furaha ya namna ile. Ghorofa yake ambayo haijaja ndiyo iliyoturuhusu kuweka kinga.

Kazi tuliifanya mwezi wa nane mwaka 2021, kiangazi kikiwa kimekauka. Rufingi ya zamani tuliing'oa. Tabaka la saruji la mteremko lilikuwa limepasuka sehemu tatu. Tukalitengeneza, tukahakikisha linashuka angalau sentimita 1 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Wengi wanapenda dale lilale sawa kama meza, lakini maji yaliyotuama yanatafuta njia usiku na mchana mpaka yaipate.

Vyuma vilituchukua siku tatu peke yake, na sijutii hata saa moja. Pale chuma kinapotoka kwenye zege ndipo maji yanapoingilia. Kutu inavimba, inapasua zege kuzunguka, na rufingi haiwezi kukumbatia chuma cha mviringo chenye magamba. Fundi wetu alikwangua kutu kwa brashi ya waya, akapaka uji wa saruji, kisha kila fungu likatengenezewa kisanduku na kumwagiwa zege dhaifu, lenye saruji kidogo, mpaka ncha zote zikafichika. Siku ya etaji nyundo itazivunja nguzo hizo fupi kwa urahisi na vyuma vitatoka vizima. Rufingi ikapandishwa kwenye kila nguzo sentimita 15, vilevile kwenye ukuta mfupi wa pembeni.

Jambo moja dogo lililonifundisha. Kijana wa kusaidia alitaka kuziba pengo kwa lami iliyolegezwa na petroli, na tone likaanguka kwenye kipande cha ubao mpya. Ubao ulizama palepale, ukayeyuka kama sukari kwenye chai ya moto, likabaki shimo lenye kingo laini. Fundi alisimamisha kazi. Kila kitu chenye petroli, na moto wa gesi wa kubandikia, vimalizike na kupoa kabisa kabla ubao wa kwanza haujapandishwa juu.

Na kabla ya ubao kuna jaribio la maji. Msikubali fundi alirukie. Tuliziba tundu kwa mpira na matambara, tukamwaga zaidi ya bidoni 70 za lita 20, zilizobebwa na watoto wa mtaa mzima kwa ahadi ya maandazi, mpaka sehemu yote ya chini ya dale ikawa bwawa. Sehemu za juu tukaziloweka kwa mkono, hasa kuzunguka nguzo. Yakakaa saa 48. Baba aliweka kiti chake katikati ya sebule na tochi mkononi. Alikuwa ameagiza tripleksi yote ing'olewe ili aone zege lenyewe. Usiku wa pili nilimkuta amelala kitini, uso umeelekea juu, tochi bado inawaka. Dari lilikuwa kavu.

Kulaza mbao kulichukua asubuhi moja. Kitambaa, saa moja. Kokoto, zilizooshwa ili vumbi lisizibe tundu, siku mbili na migongo ya watu sita.

Oktoba hiyo nilifunga kipimajoto palepale pa zamani. Saa mbili usiku, siku ambayo nje mchana ilifika nyuzi 34, kilisoma 28. Binti yangu alirudi kitandani bila kuambiwa na mtu. Mwezi wa sita uliofuata mama alikagua kona zote kwa kiganja kila asubuhi, kama mtu anayepapasa homa ya mtoto, na hakupata unyevu. Tunafungua dirisha la jikoni tunapopika, hilo nalo lina sehemu yake. Ufa wa ukutani niliuziba mara ya mwisho mwaka 2022. Nimeuwekea alama ya penseli kila upande na kila nikipita naipima, haijasogea.

Desemba iliyopita mdogo wangu alikuja kutoka Kolwezi. Alipoona kokoto na zile nguzo fupi tisa, alimtazama baba kwa huruma. "Papa, basi etaji mmeiacha?"

Baba hakumjibu. Alimpeleka mpaka nguzo ya pembeni, akamwonyesha maandishi aliyoyachora kwa msumari zege lilipokuwa bichi: namba ya nguzo, vyuma 4, milimita 12, na urefu wake. Kila nguzo ina yake. Kisha akachuchumaa, akasogeza kokoto kwa mikono miwili, akakunja kitambaa, akachomoa ubao mmoja na kuusimamisha. Chini yake rufingi ilikuwa nyeusi na safi kama siku tuliyoilaza. Akamshika mwanawe mkono, akaulaza kiganja chake pale. Ilikuwa saa saba mchana.

"Baridi," mdogo wangu akasema.

Baba akaurudisha ubao, akaubana kwa goti mpaka kingo zikashikana. "Kazi ni kokoto tu," akasema, akaanza kuzirudishia.